Breki za Pijo ya Mutuku

Wachota mchanga wa mto Sabaki ndio walioiona kwanza. Pijo nyeupe, ya zamani kuliko wengi wao, ilikuwa imeacha barabara kwenye mteremko wa upande wa Gongoni na kujibamiza kwenye nguzo ya zege kabla ya daraja. Pua yake ilikuwa imeelekea Malindi. Nyuma ya usukani alikuwamo Mutuku, msimamizi wa vibarua katika kiwanda kimoja cha chumvi huko Gongoni, amekwisha kukauka. Damu iliyoganda ilikuwa kisogoni na kwenye kola ya shati.

Polisi walikuwa bado njiani na habari imeshafika Malindi, tena imefika na mkosaji wake kabisa. Gari lilitoka jana kwa fundi Baya! Alikuwa akitengeneza breki! Basi, hakuna aliyeuliza la pili. Watu wa mtaani walimkuta Baya kwenye karakana yake akinywa chai, wakamburuta nje na kumshindilia mateke ya mbavu. Mmoja wao akachukua chuma cha jeki cha Baya mwenyewe, akamponda nacho mikono yote miwili juu ya tofali. Mwingine alikuwa ameshaleta tairi na petroli. Inspekta Jedida alifyatua risasi mbili hewani ndipo wakatawanyika, na hata hapo waliondoka wakinung'unika kama watu walionyimwa haki yao.

Jedida alikaa trafiki miaka mingi kabla ya kuhamia upelelezi, na ajali nyingi alizoziona zilimfundisha jambo moja: umati hufika haraka kuliko ukweli. Siku ile aliwaka hasira mpaka konstebo wake, Seif, akaogopa kumsemesha.

Hospitalini walimkuta Baya amefungwa bandeji mikono yote, kwa hiyo pingu zilikuwa zimefungwa mguuni. Mkuu wa kituo ndiye aliyeamuru.

"Fundi, niambie ulichofanya kwenye gari lile," Jedida alisema. "Polepole, usiruke kitu."

"Kalipa mbili za mbele, afande, vile vyuma vinavyobana diski. Pistoni zilikuwa zimekwama kwa kutu, breki zinavuta upande mmoja. Nikazifungua, nikazisugua, nikazisafisha kwa spiriti maana grisi na mafuta ya injini huua mipira ya breki. Nikatia mipira mipya, nikatoa hewa kwenye mafuta ya breki, nikalijaribu gari mpaka Ganda na kurudi. Lilishika, wallahi lilishika."

"Basi?"

"Nikazipaka rangi kalipa zisishike kutu tena. Nyeusi ilikuwa imeniishia, nikatumia buluu iliyobaki ya geti."

"Mutuku aliiona?"

"Wapi! Alikuja magurudumu yamerudi mahali pake na vifuniko vyake. Na mimi sikumwambia. Buluu kwenye kalipa, watu wangenicheka."

"Kuna mwingine uliyemwambia?"

"Nani, afande? Hata chai sikuimaliza."

Jedida alimuuliza kuhusu ugomvi, maana majirani walisema yeye na Mutuku walitukanana jana mchana. Baya hakukana. Mutuku alikasirika kwa kucheleweshewa gari, naye akamjibu vibaya. Walipoagana walikuwa wameshapatana.

Nje ya chumba, daktari aliyempasua marehemu alikuwa akiwangoja.

"Kisogo kimepigwa na chuma kizito, mara tatu," alisema. "Paji la uso nalo limepasuka kwenye usukani, lakini halikutoa damu. Inspekta, mtu huyu aligonga nguzo akiwa maiti."

Mkuu wa kituo alipoambiwa hayo hakubadilika sana. "Basi Baya amemuua kwa chuma, kisha akalegeza breki ionekane ajali," alisema. "Kesho anasomewa mashtaka ya mauaji, hapohapo kitandani."

Kwa hiyo Jedida alikuwa na mchana ule tu. Mashtaka ya mauaji yakishasomwa, Baya angehamishiwa rumande na mikono yake iliyovunjika, na wale wenye petroli wangejiona wamethibitishiwa.

Alianza kwa Purity, mjane wa Mutuku, nyumbani kwake Gongoni. Mama yule alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho makavu, analia bila machozi.

"Pole sana, mama. Alikupigia simu jana jioni?"

"Alinipigia. Alisema ameshafika Gongoni, breki zimekaa vizuri, anapitia kazini kidogo kisha aje tule. Hakuja. Nikapiga, simu ikalia tu."

"Kazini kufuata nini?"

"Hakusema. Lakini wiki nzima halali. Tangu yule kijana Ngumbao afie kwenye mtambo wa kusagia chumvi."

Jedida aliyatia moyoni. Mutuku alivuka Sabaki salama jioni. Kama breki zingekuwa mbovu alipotoka kwa Baya, mteremko wa upande wa Malindi ungemmaliza kwanza.

Pijo ilikuwa uwanjani kituoni, imefunikwa turubai tangu ilipovutwa. Jedida alilala chini kwa mgongo na tochi. Kalipa zilikuwa buluu kweli. Kwenye kila moja, nati ndogo ya kutolea hewa ilikuwa imelegezwa.

"Ndiyo hiyo," Seif alisema. "Breki haziwezi kushika."

"Haziwezi. Lakini ukikanyaga pedali nati ikiwa imelegea, mafuta ya breki hurukia diski na gurudumu lote. Gusa."

Seif akagusa. Kukavu. Chupa ya mafuta ya breki ilikuwa imejaa.

"Hakuna mguu uliokanyaga breki hizi," Jedida alisema. "Aliyelileta gari juu ya mteremko alikuja nalo kwa gia na breki ya mkono, kisha akaliachia lishuke lenyewe. Sasa tazama hii."

Aliichomoa nati moja na kuiweka kwenye kitambaa cheupe. Hesi zake zilikuwa zimepakwa grisi nyeusi, vizuri, mpaka ndani, na kifuniko chake cha mpira kimerudishwa juu.

"Fundi gani anapaka grisi kwenye breki?" Seif aliuliza. "Na muuaji anayefungua nati ili gari lisishike, anaitunza ya nini?"

Jedida aliikunja ile nati kitambaani. Walipanda Land Rover, wakarudi Gongoni.

Mtu wa kwanza waliyemtaka alikuwa Karisa, kaka wa Ngumbao. Kila mtu kiwandani alijua kwamba siku ya mazishi alimshikia Mutuku panga, akaapa kumchinja. Walimkuta akipakia magunia ya chumvi, mabega yamechubuka.

"Nilisema nitamuua, afande, na ningemuua," Karisa alijibu. "Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Mdogo wangu aliletwa nyumbani kichwa kimefunikwa, tukaambiwa tusifunue. Ni mashine gani hiyo inayosaga kichwa ikaacha mikono mizima?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwenye matanga, Marereni. Ukoo wote ulikuwapo. Juzi Mutuku alinijia, nikamfukuza. Alisema atakuja tena kunieleza ukweli wa Ngumbao, akishazungumza na mtu kwanza."

"Mtu gani?"

"Hakumtaja."

Karakana ya kiwanda ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Mkuu wake alikuwa Kiprop, mtu mpana, mpole wa sauti, aliyekuwa akisafiri na Mutuku kwenye Pijo ile kuliko mtu mwingine yeyote. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpa Jedida kiti, akaendelea kufunga gurudumu la trekta huku wakizungumza. Kila nati aliyoishika aliipaka grisi kwa kidole kabla ya kuirudisha. Ukutani kulikuwa na rafu ya makopo ya grisi, kila kopo limeandikwa jina la mwenyewe.

"Kila mmoja na kopo lake?" Jedida aliuliza.

"Lazima, madam. Hapa ukifungua nati bila kupaka, chumvi inaikula, kesho haifunguki. Mtoto akiingia kazi hapa, hiyo ndio kitu ya kwanza anafunzwa. Mkono unajipaka yenyewe."

"Jana ulimwona Mutuku?"

"Hapana. Asubuhi alipeleka gari Malindi, sikumwona tena wala kuongea na yeye. Na nilikuwa nimemwambia, hiyo gari usipeleke kwa huyo Baya! Huyo ni fundi wa kupaka rangi tu. Unapaka kalipa buluu, ati ndio umetengeneza breki?"

Seif alinyanyua kichwa. Jedida hakunyanyua chake.

"Buluu," alisema taratibu. "Kiprop, kalipa ya Pijo haionekani mpaka ulale chini ya gari. Mutuku mwenyewe hakujua rangi yake. Wewe hukuliona gari wala hukuongea naye. Nani alikwambia buluu?"

Kiprop aliiweka nati chini. "Watu wanasema."

"Watu gani? Tangu asubuhi gari limefunikwa turubai, na Baya tangu apigwe amesema nami tu. Seif, niletee kopo lake."

Seif alililaza kopo juu ya meza na kuchimba kwa bisibisi. Juu grisi ilikuwa laini. Chini kidogo ilikuwa na mchirizi wa rangi ya kahawia, na ndani yake nywele fupi nyeusi zimenata.

"Ulimpiga, kisha ukaenda kulegeza nati na damu mkononi," Jedida alisema. "Na mkono ukajipaka wenyewe, kama ulivyosema."

Kiprop aliruka. Spana ya magurudumu ilimpata Seif begani, mfupa ukalia, akaanguka juu ya makopo. Pigo la pili lilimkosa Jedida na kuvunja meza. Lakini Karisa, aliyekuwa amewafuata na kusikia yote mlangoni, alimvaa Kiprop kiunoni na kumtoa nje mzimamzima. Waliangukia kwenye bwawa la maji ya chumvi. Karisa akamkalia mgongoni na kumzamisha uso. Vibarua walikuja mbio, na wengi walikuwa wakipiga kelele amalize.

"Karisa!" Jedida alikuwa na bastola mkononi na hakujua amwelekezee nani. "Akifa hapa, mdogo wako ataendelea kuwa ajali! Mwinue aseme!"

Karisa alilia kwa sauti. Kisha akamwinua kwa nywele.

Kiprop alisema yote akitapika maji, mbele ya vibarua wote. Ngumbao alimjibu jeuri, naye akampiga spana ya kichwa. Kijana alipoanguka na asiinuke, alimwingiza kichwa kwenye mtambo. Mutuku aliona, akanyamaza kwa ajili ya urafiki, lakini mazishi yale yalimshinda. Jioni ile alipitia karakanani kumwambia Kiprop kwamba kesho anakwenda polisi, ajisalimishe mwenyewe kwanza. Alipogeuka kuondoka, akapigwa.

"Alikuwa rafiki yangu," Kiprop alisema.

"Na Baya alikuwa nani yako?" Jedida alimuuliza, akamfunga pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jioni ile Jedida mwenyewe ndiye aliyemfungua Baya pingu ya mguuni. Alimweleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Fundi alisikiliza akiitazama mikono yake. Daktari alikuwa amemwambia kwamba vidole vingi havitakunjika tena.

"Kwa hiyo breki zangu hazikuua mtu," alisema.

"Hazikuua mtu, fundi."

Baya alilia, na Jedida hakuona aibu kulia naye. Kisha akajifuta, akavuta kiti karibu.

"Kiprop amekwisha. Sasa nawataka waliokufanyia hivi. Aliyekuponda mikono, unamjua?"

Baya aliilaza mikono yake juu ya shuka.

"Namjua," alisema. "Gari lake liko kwangu. Nilikuwa nimemwahidi breki Ijumaa."

Kisha akalitaja jina.