Kichanja Namba Saba

Siku Asajile alipomchafua Tulinagwe kwa maji ya kokoa, soko la Kyela lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Kiroba kilikuwa begani, kokoa mbichi inachuruzika, naye akageuka ghafla kumpisha mwenye mkokoteni. Gauni la njano, jipya, la kupigwa pasi!

“Gwe! Huna macho?”

“Ninayo, dada, ila yamekuona wewe yakasahau kiroba.”

Tulinagwe alikuwa amejiandaa kumtolea uvivu, akajikuta anacheka.

Binti huyu wa Talatala alisomea kompyuta Mbeya. Kikundi cha wakulima wa Ipyana kilikuwa kimemwita atengeneze programu ya kugawana vichanja vya kuanikia kokoa, maana wanachama walikuwa themanini, vichanja ishirini, na siku za mvua watu walikaribia kushikana mashati. Mwenyekiti alikuwa Mzee Zebedayo, baba mzazi wa Asajile. Basi wakakutana tena, na tena, na simu zikaanza.

“Umekula, mamaa?”

“Nimekula ndizi.”

“Mimi umenibakishia nini?”

“Maganda.”

Programu ikafanya kazi. Mwanachama anabonyeza simu, kichanja kinaandikwa jina lake, ugomvi kwisha. Tulinagwe alitembea Ipyana kichwa juu, na alistahili.

Kisha Jumatano moja Asajile akaleta kokoa iliyokwisha kuchachushwa. Simu ilikuwa imemwandikia wazi: Kichanja namba 7 ni chako. Akakuta kokoa ya Hezroni imetandazwa pale mpaka ukingoni. Na Hezroni, jamani, ndiye aliyewahi kupeleka posa kwa kina Tulinagwe akakataliwa. Kwenye orodha lilikuwepo jina la Hezroni peke yake. Vichanja vingine vilikuwa vimejaa, na kokoa ya Asajile ikaota ukungu kwenye viroba.

“Umenifuta ukamwandika Hezroni?” akafoka kwenye simu.

“Nani kakwambia mimi nafuta majina ya watu?”

“Langu limekwenda wapi?”

“Sijui bado.”

“Hujui? Wewe uliyeitengeneza?”

“Asajile, niite mjinga ukitaka. Mdanganyifu usiniite.” Akakata.

Alilia, tena sana. Mzee Zebedayo naye alikuwa amemwambia kwa upole lakini bila kupepesa: “Jumamosi wanachama wote watakuja kuijaribu. Ikishindwa, mwanangu, tunarudi kwenye daftari.” Tulinagwe akanawa uso, akafungua kompyuta, akasoma mstari mmoja mmoja. Ijumaa asubuhi akaliona kosa. Akampigia yule yule aliyemliza.

“Njoo na simu yako. Sikuombi msamaha, nakuomba kidole.”

Asajile akaja, shati limetoka nje ya suruali, macho chini. Wakasimama kando ya kichanja, kila mmoja na simu yake.

“Nikisema sasa, tubonyeze pamoja. Sasa!”

Mara nne alipata mmoja tu. Mara ya tano simu zote mbili zikalia: Kichanja namba 7 ni chako.

“Hee! Wote?”

“Programu inaangalia kwanza kama kichanja ni kitupu, ndipo inaandika jina. Ombi lako liliangalia, likakuta kitupu. Kabla halijaandika, la Hezroni nalo likaangalia, likakuta kitupu. Mkaandikwa wote, wa mwisho akamfunika wa kwanza. Kosa ni langu. Sikuweka kufuli.”

“Kufuli gani tena?”

“Anayetangulia anashika kufuli la kichanja, anaangalia, anaandika, ndipo analiachia. Mwenzake anasubiri. Zamu yake ikifika anakuta jina tayari.”

“Na yule wa kwanza akikwama, asiliachie?”

Tulinagwe akamkazia macho. Swali hilo hakulitegemea, na lilikuwa swali zuri. “Hapo mngesubiri wote mpaka Yesu arudi. Nitaliwekea muda. Ukipita, linajiachia, na ombi lake linafutwa.”

“Nisamehe, Tuli. Wivu ulinipanda.”

“Najua. Bado nimekukasirikia.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka kesho mchana.”

Jumamosi watu themanini walisimama uwanjani, simu mikononi. Tulinagwe alivaa kitenge cha zambarau, khanga begani. Mzee Zebedayo akahesabu, “Moja, mbili, tatu!” na vidole vyote vikakibonyeza pamoja kichanja namba saba. Ikalia simu moja tu, ya mama Anyes. Kwa wengine wote ikaandika: Kimechukuliwa. Wakarudia mara kumi, na mara zote kumi alipata mtu mmoja.

“Huyu ni binti yetu!” akapiga kelele Hezroni mwenyewe, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Tulinagwe alijisikia fahari.

Asajile akamsogelea. “Mbele ya watu hawa wote, Tuli. Nitume washenga Talatala?”

Kabla hajajibu, Mzee Zebedayo akaja akipenya katikati ya watu, mkono ameunyoosha. “Ndaga fijo, mwanangu! Asante sana!” Mkono huo Tulinagwe alikuwa ameushika kila asubuhi msimu mzima. Leo hakuushika. Alivuta khanga akajifunika kichwa na uso, akampa mzee mgongo, akaenda kujificha nyuma ya migomba.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hamtazami usoni baba wa mumewe, wala hampi mkono. Mzee Zebedayo akaurudisha mkono wake taratibu, macho yamemjaa machozi, akamgeukia mwanawe.

“Asajile,” akasema, “nipishe nipite upande wa pili. Mkwe wangu yuko hapo.”