Wazo Ambalo Amuria Alikataa Kuliandika

“Meseji yangu ulisoma?”

“Nilisoma.”

“Na ukajibu nini?”

Amuria akajaribu kukumbuka, akashindwa. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye pikapu kutoka Lodwar, vumbi limempaka mpaka kope, na Nyanut alikuwa amemsubiri nje ya darasa pale Kakuma, mkono kiunoni. Akatoa simu, wakasoma pamoja.

*Baba mdogo anatuma gari. Ijumaa wananirudisha Bor, wamenichagulia mwanamume. Sema kitu.*

Chini yake jibu lake: *Sawa. Umekula?*

“Mimi nakwambia naozeshwa,” Nyanut akasema polepole, “wewe unauliza habari ya chakula.”

“Kwani ulikuwa umekula?”

Nyanut akamwacha hapo na swali lake, akaingia ndani.

Usimwone Amuria mtu mbaya. Miaka miwili kabla, wezi wa mifugo walimpiga risasi kaka yake, Lomunokol. Amuria alimzika, akarudi ofisini kwake kwenye idara ya maji, na tangu siku hiyo moyo ukashikwa na ganzi. Wakimpandisha cheo, sawa. Wakimshusha, sawa. Upepo ulipoezua paa la nyumba yake ya Nawoitorong, wanasema alilala usiku kucha akitazama nyota, asubuhi akawauliza majirani kama paa limepita upande wao. Walisema limeonekana Lorugum, likiendelea na safari. Akasema sawa.

Nyanut, mwalimu wa sekondari ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alidhani utulivu ule ni busara. Walikutana mwaka huo wa 2013 kwenye masomo. Wote walikuwa na digrii, na chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinatoa cheti cha juu cha ubunifu kupitia intaneti. Mara moja kwa mwezi wanafunzi wa Turkana walikuwa wanakutana Kakuma kwa mazoezi. Mapenzi waliyaficha, maana ndugu za Nyanut kambini walikuwa wengi na simu zao hazikuishiwa salio. Neno likitamkwa Kakuma asubuhi, baba mdogo anakunywa nalo chai Bor, kule Sudan Kusini.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa hivi: mtu mmoja alete tatizo la kweli la maisha, wengine wamwage mawazo. Mwalimu Akoru, mama mnene wa Lodwar asiyecheka ovyo, aliwakumbusha sheria. Hakuna kupinga wazo la mtu, hata liwe la kipumbavu namna gani. Kuchagua kunakuja mwisho, na anayechagua ni mwenye tatizo peke yake. Amuria, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, akapewa kalamu nene aandike kila wazo kwenye karatasi na kulibandika ukutani. Joto lilikuwa la kukaanga yai juu ya kipara cha mtu, na kipara kilikuwepo, cha Losike.

Nyanut akasimama.

“Ni tatizo la rafiki yangu. Ana mtu wake. Huyo mtu hakasiriki, hacheki, halii. Ijumaa rafiki yangu anapelekwa mbali kuolewa. Kama huyo mtu anampenda, rafiki yangu atabaki agombane na ukoo. Kama hampendi, ataenda. Atajuaje?”

Amuria akaliandika juu kabisa, herufi zimenyooka. Alijua huyo mtu ni yeye. Akangoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Ilikuwa kama kusikia habari za mtu fulani wa mbali, wa Nariokotome.

Mawazo yakaanza. Losike akashauri msichana ajifanye mgonjwa, aanguke na kurusha mateke kidogo. Amuria akaandika. Nyaduoth, muuguzi mwenye mdomo mkali, akasema aonekane sokoni na kijana mwingine, tena mwenye sura. Amuria akaandika, akauliza kama hiyo sura nayo aiandike. Mwingine akasema wachome pikipiki ya huyo bwana. Akaandika. Losike akarudi tena: achomwe mwiba wa mgunga, hakuna mtu anayechomwa mwiba akasema sawa. Darasa likacheka. Mbuzi mmoja akapenyeza kichwa dirishani, akala mawazo mawili, akaondoka anatafuna. Mwalimu Akoru akasema, mnaona, hata mbuzi hajapinga.

Amuria alibandika yote kama anabandika ratiba ya maji. Nyanut alikuwa anamtazama mgongo.

Ndipo Nyaduoth akapumua kwa nguvu.

“Mimi nasema aende tu. Apande gari Ijumaa. Mtu kama huyo hatajua hata kama ameachwa.”

Kalamu ikasimama.

“Andika, Amuria,” Mwalimu Akoru akasema.

“Hilo hapana.”

“Sheria unaijua. Hatupingi.”

“Naijua, mwalimu. Hilo napinga.”

“Nitakukata alama.”

“Kata.”

Darasa zima likageuka. Watu hawa hawakuwahi kumsikia Amuria akikataa kitu, hata chai iliyoingia nzi.

“Na unapinga kwa nini?” Nyaduoth akauliza.

“Kwa sababu atajua.” Sauti ilitoka na kutu. “Atajua kabla gari halijawashwa. Nilizika mtu wangu mmoja nikasema sawa. Huyu siwezi.”

Losike akamtazama Amuria, akamtazama Nyanut.

“Kumbe rafiki yako—”

“Nyamaza, Losike,” Mwalimu Akoru akasema. “Mwenye tatizo ndiye anachagua. Nyanut?”

Nyanut hakuutazama ukuta. Alichukua simu yake, akatoka nje. Amuria akamfuata, kalamu bado mkononi, akasimama kando wakati yeye anazungumza Kidinka na baba mdogo. Simu ilikuwa ndefu. Amuria hakuelewa hata neno, ila alisikia ile sauti ya upande wa pili ikipanda, na ya Nyanut ikikataa kushuka.

Akakata simu.

“Umemwambia nini?”

“Nimemwambia Ijumaa siendi. Kuna mtu amepinga.”

“Akasemaje?”

“Amesema huyo mtu aje apinge mbele yake.”

Kifuani mwa Amuria kitu kikaanza kuchoma, sindano baada ya sindano, kama mguu uliokaliwa muda mrefu damu ikianza kurudi. Iliuma vibaya sana. Akashika ukuta.

“Unaumwa?” Nyanut akauliza.

“Ndiyo,” akasema, na machozi yakamchorea njia mbili kwenye vumbi la uso. “Tunaenda lini?”