Kola za Saa Tisa

Kila jioni mama alirudi kutoka kiwanda cha nguo na kikaratasi mfukoni. Kilijaa vistari vya penseli, kimoja kwa kila kola aliyoshona, saa baada ya saa. Binti yake alivihesabu na kuandika idadi kwenye fomu ya msimamizi. Washonaji walimwita binti huyo Kalamu, maana mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wa karani wao. Mama alikuwa amechaguliwa ahesabiwe kola kwa niaba ya wenzake wote. Baada ya wiki mbili, msimamizi angeamua kama wanahitaji robo saa ya mapumziko alasiri.

Asubuhi kola zilikuwa arobaini kwa saa. Baada ya chakula cha mchana, thelathini. Ikifika saa tisa, ishirini na mbili tu. Jambo hilo lilimkera Kalamu. Yaani watu wamwone mama yake mvivu? Thubutu. Akawa anaandika arobaini kila saa, tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, na roho yake ikatulia.

Wiki ya tatu mama alirudi amefungwa kidole kitambaa.

"Sindano hiyo," alisema, akajitupa kitini bila kuvua viatu. "Usingizi ulinipitia kidogo tu. Na mapumziko tumenyimwa. Eti mimi sichoki. Wenzangu wananiuliza nimemeza betri gani."

Mama alicheka. Kalamu alifungua kitambaa ili aoshe jeraha, na maji kwenye beseni yakawa mekundu. Uso ulimwaka kwa aibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, ni mimi," alisema. "Nilibadilisha hesabu. Sikutaka wakucheke."

Mama alitoa kidole kwenye maji.

"Vikaratasi vyangu viko wapi?"

"Ndani ya daftari langu."

"Kesho huna shule. Utavipeleka mwenyewe. Nitasimama karibu, lakini sitakusemea."

Kesho yake, katikati ya ngurumo za mashine, Kalamu alimkabidhi msimamizi vikaratasi na kueleza yote. Msimamizi alivisoma kimoja kimoja, kisha akatazama kidole cha mama.

"Nami nina kosa," alisema. "Miaka yote hii kiwandani, nilipaswa kujua kwamba hakuna anayeshona arobaini saa tisa. Mapumziko yanaanza leo, na hesabu itaendelea. Lakini sikiliza, binti. Mama yako kuchoka si aibu. Ulipoficha uchovu wake, ulituzuia kumsaidia. Ukimpenda mtu, sema kweli juu yake."

"Nimekosa, nisamehe," Kalamu alisema, akimgeukia mama. Mama alimshika bega.

Jioni hiyo Kalamu alihesabu vistari vya saa tisa mara mbili. Vilikuwa kumi na tisa, kwa sababu ya kile kidole. Machozi yalimlengalenga, akaandika kumi na tisa.