Kila Programu na Chumba Chake

Kila Jumatano masomo yakiisha, wanachama wa chama cha kompyuta huko Shimba Hills hukimbilia laptopu moja tu ya chama. Jumatano moja Syovata alitangulia, maana maonyesho ya kushindanisha programu huko Matuga yalikuwa kesho yake. Programu yake ya kuwakumbusha wafugaji siku za chanjo ya kuku ilidai toleo jipya la zana ya kuchora chati. Bila kumwuliza mtu, akafuta toleo la zamani na kuweka jipya. Programu ikaitika vizuri, naye akafurahi kwelikweli.

Zamu ikawa ya rafiki yake, Nassir, aliyetengeneza programu ya kupima mvua. Alipoifungua, maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini. Akajaribu tena, wapi!

"Jumatano iliyopita ilikuwa ikifanya kazi," alisema. "Sasa kesho nitaonyesha nini?"

Syovata aliyasoma maandishi yale, akatambua kuwa kosa ni lake. Wenzake walikwisha kuilaumu laptopu kwa uzee wake, na yeye angenyamaza, nani angejua? Lakini Nassir alianza kujiandaa kufuta kazi ya muhula mzima na kuandika upya. Hapo Syovata akashindwa kuvumilia.

"Acha, Nassir, usifute. Ni mimi niliyebadilisha zana ya chati. Programu yako inataka ile ya zamani. Niwie radhi."

Nassir alinuna, lakini wakaongozana kwa Mwalimu Kavenya, mlezi wa chama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona nyuso zimekunjamana hivyo?"

Syovata akaeleza yote bila kuficha. Mwalimu akatikisa kichwa. "Basi tutaunda mazingira pepe."

"Pepo?" Nassir akarudi nyuma. "Mwalimu, huko mimi simo. Nyanya yangu akisikia, hapatakalika."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Pepe, si pepo. Ni kama chumba ndani ya kompyuta. Kila mradi una chake, na zana za humu haziigusi programu ya kule."

Syovata akaandika amri ya kuunda chumba cha kwanza, akakiita "mvua". Akakiwasha, kisha akaweka humo zana ya zamani. Cha pili akakiita "kuku", akaweka zana mpya. Programu zote mbili zikafanya kazi, na Nassir akasahau kununa.

Kesho yake huko Matuga, mwamuzi alitaka kuziona zote kwenye laptopu hiyohiyo. Chati ya mvua ikatokea, ya kuku ikafuata. Akauliza ni nani aliyezitenganisha vizuri namna ile.

"Ni huyu," Nassir alijibu. "Kwanza aliniharibia, halafu akasema kweli."

Ukumbi mzima ulicheka. Walipotangazwa washindi kwa pamoja, vigelegele vikarindima, na Syovata akalia kwa furaha.

"Vyumba vile vilizitenganisha programu," Mwalimu Kavenya alimwambia, "lakini tusingejua la kufanya kama ungenyamaza. Utakosea tena, mwanangu, sote hukosea. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linatengenezeka."