Jembe Juu ya Chemchemi

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi mbili: kupanga foleni ya choo, kisha kuchota maji. Kuchota maji sikukuchukia. Choo nilikichukia kwa moyo wangu wote.

Ala! Choo gani kile! Tulikuwa familia sita katika vyumba vya kupanga huku Luzira, na choo kimoja cha shimo. Sabuni ilikuwa imeadimika mjini tangu mwaka uliopita, bomba lilikuwa limekauka, na kila mtu alimwachia mwenzake kazi ya kusafisha. Sakafu iliteleza. Funza walipanda ukutani. Nikitoka nje, wadudu wadogo wa ziwani, wale waitwao sami, waliniingia puani na mdomoni, nami nikatema mate mpaka shuleni. Ilikuwa miezi miwili tu tangu baba yangu Onen, dereva wa polisi, ahamishiwe Kampala. Kwetu Kitgum jua lilikausha kila kitu. Huku hata nguo zilinuka ukungu. Phu!

"Utazoea, Laker," mama aliniambia.

"Uvundo ule? Sitauzoea, mama."

Nikajitafutia njia yangu. Kwetu, mtoto akienda porini kujisaidia, alichukua jembe, akachimba, akafukia. Bibi ndivyo alivyonifundisha, na hakuna aliyeugua. Basi kila asubuhi nilibeba debe na jembe. Niliingia kwenye matete yaliyokuwa juu ya chemchemi, nikachimba, nikafukia vizuri, nikateremka kuchota maji. Nilijiona msafi kuliko watu wote wa ua ule.

Wiki ya tatu mvua kubwa ilinyesha mchana kutwa. Kesho yake nilikuta mahali pangu pamefumuka. Udongo ulikuwa umesombwa wote, na alama ya matope ilishuka moja kwa moja hadi chemchemini. Nilielewa nilichokiona. Lakini nilichota maji, nikanyamaza. Kuni zilikuwa zimelowa, kwa hiyo siku ile hatukuyachemsha.

Siku mbili baadaye mdogo wangu Opoka, mwenye miaka miwili, alianza kuhara na kutapika. Ilipofika adhuhuri macho yake yalikuwa yameingia ndani, hata kulia hawezi. Mama alimfunga mgongoni akakimbia naye zahanati.

Uani watu wakaanza kusema, "Ni samaki wa Aoko!" Aoko alikuwa mjane kutoka Kenya, muuza samaki wa kukaanga, na jana yake alikuwa amempa Opoka kipande. Otema, mwanajeshi aliyepanga chumba cha mwisho, alitoka akifunga mkanda.

"Wewe mama, vaa viatu. Tunaenda kambini. Huko utaeleza nani alikutuma kutuua."

Watu wakarudi nyuma. Miaka ile, waliopelekwa kambini wengi hawakurudi.

Aoko alisema, "Otema mwanangu, huyu Maimunah jirani yetu hajawahi kununua samaki wangu. Mbona mtoto wake naye anahara?"

"Ni kweli," Maimunah alisema. "Wangu amekunywa uji na maji tu."

Otema alimshika Aoko mkono hata hivyo, akaanza kumvuta. Wakati ule nilijichukia kuliko nilivyowahi kukichukia choo.

"Mwache!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Nimekuwa nikijisaidia juu ya chemchemi. Mvua imeshusha uchafu wangu majini. Niliona, nikanyamaza!"

Maimunah alitema mate. Otema aliuachia mkono wa Aoko.

"Mtoto wa Onen! Umetunywesha kinyesi chako?"

Hakungoja jibu. Alikimbilia nyuma ya nyumba, tukamsikia akitapika.

Mama alirudi jioni. Opoka alikuwa amepewa dawa, na sasa aliweza kunywa na kulia. Nilimweleza mama kila kitu. Aliketi chini, akajifunika uso kwa mikono. Aoko alikuja na karai la majivu na ufagio, akasimama mbele yangu.

"Kwenu mlikuwa na nafasi na ardhi kavu," alisema. "Hapa tumebanana, na maji yapo chini ya miguu yetu. Kuchukia uchafu si kosa, mwanangu. Kosa lako ni kuuhamishia kwenye maji ya watu, kisha ukaficha. Nasi wakubwa tuna letu, maana kila mmoja alikikimbia choo hiki. Panapotutia kinyaa ndipo pa kusafisha. Haya, shika ufagio."

Nilimwaga majivu, nikasugua sakafu na kuta. Nilitapika mara mbili, nikaendelea. Otema alileta madebe mawili ya maji kutoka bomba la mbali, akayatua mlangoni bila kunitazama.

Nilipomaliza, Aoko aliingia wa kwanza. Alitoka, akauchukua ufagio mkononi mwangu.

"Kesho zamu yangu," alisema.