Chesisi Mpya ya Akuwam

Jumamosi moja ya Februari 2013, lori lilivunjika mgongo karibu na soko la Lodwar, limejaa mbuzi wa kwenda Kakuma. Mwenye lori, Akuwam, aliruka chini, shuka nyekundu begani, shanga hadi kidevuni, akimfokea kila mtu. Kamande fundi, aliyekuwa akinunua sukari, akaingia chini ya lori bila kuitwa.

"Ejok, madam," akamsalimu kwa Kiturkana. "Chesisi, huu mgongo wa lori, imekatika pande zote mbili. Tukichomelea tunajidanganya. Tubadilishe vyuma vyote viwili."

"Siku ngapi?"

"Kumi. Nikiwa na bahati, mia."

Akuwam akacheka, na Kamande akawa amekwisha kwa mapenzi.

Kila asubuhi Akuwam alikuja kwa boda boda kutoka Kanamkemer na chai kwenye chupa, akakaa juu ya tairi huku Kamande akitoboa vyuma vipya kwa kufuata matundu ya vile vya zamani.

"Hili lori lisiishe kutengenezwa kabisa, mrembo."

"Wewe! Fanya kazi."

Kazi ya kubeba chakula cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuwa inaanza Jumatatu ya tatu. Akuwam akichelewa, anapewa mwingine. Siku kumi zikapita. Siku ya kumi na tatu, Ijumaa, Kamande akapiga simu.

"Akuwam, mpenzi, nimefungua bolti zote tena."

"Umefanya nini?"

"Limekaa kombo. Nipe siku mbili."

"Ulisema lisiishe, nikadhani mzaha! Kumbe unanichezea!"

Akakata. Kamande alipiga mara sita, simu haikupokelewa, na ilimuuma kweli.

Alasiri Akuwam akatokea, amenuna, anataka lori lake. Kamande hakujitetea. Alimpa ncha ya tepu.

"Shika hapo kona. Soma mwenyewe."

Wakapima chesisi kwa mshazari, kona hadi kona, halafu zile kona nyingine mbili. Tofauti, sentimita mbili.

"Ukiwa na tani kumi, litakuvuta mtaroni."

Akuwam akasoma tena. Hasira ikamtoka.

"Haya, nisamehe. Siku hizi mbili ni za haki. Na zile tatu zilizopita?"

Kamande akaangalia viatu vyake. "Zile nilichelewesha makusudi."

"Kamande, unadhani mimi sina simu? Natoka Kanamkemer kila siku kuja kuangalia vyuma?"

Jumapili jioni, Akuwam akishika tepu, kona zikalingana. Akapanda, akawasha injini.

"Nikirudi kutoka Kakuma nakupeleka kwa baba," alisema akifunga mlango. "Na huko usichelewe."