Aliyeosha Vyungu

Bailo alikataa ziwa tangu asubuhi, na hakuwa na njaa. Mtoto mchanga asiyenyonya hulia, huyu alicheua. Alichocheua kilinuka uchachu wa mtindi, na mama yake, Dalanda, hakuwa amempa mtindi.

Dalanda alikuwa mgeni Dakar. Alitoka Labe, Guinea, kuja kuuza machungwa, akapanga chumba uani kwa Mama Ngone, wa kabila la Walebu, wenyeji wa hapohapo mjini. Mgeni asiye na ndugu hujipendekeza kwa kazi. Basi jana yake, mwenye nyumba akiwa amelala, alifagia ua mzima. Chini ya ukuta alikuta vyungu vilivyofukiwa nusu, vimegandiwa na maziwa makavu, inzi tele. Akavisugua kwa sabuni na mchanga mpaka vikatakata.

Mama Ngone alipoamka alivitazama sana.

"Nani kaviosha?"

"Mimi, mama."

"Kwa mikono yako?"

"Sasa kwa ya nani, mama?"

Mama Ngone alicheka mpaka akajifuta machozi.

Kesho yake mchana Dalanda alimlaza Bailo mkekani, akageuka kupanga machungwa kwenye beseni. Nyuma yake akasikia kumeza. Taratibu, kwa raha. Alipogeuka, mtoto alikuwa amelala kiubavu, midomo ikivuta hewa tupu, shavu limebonyea kama limeegemea kifua cha mtu, na maziwa mazito yakimtiririka kidevuni yakinuka udongo uliofukuliwa, na alipomnyakua akahisi mikono mingine imemshika mtoto upande wa pili, haivuti kwa nguvu, imemng'ang'ania tu kama mama anayenyang'anywa wake.

Alimchomoa, akakimbilia getini. Alipovuka tu, Bailo alilegea, midomo ikawa rangi ya majivu, pumzi ikakatika. Akarudi ndani. Mtoto akavuta pumzi, akacheka. Akajaribu tena. Ikawa vilevile.

"Utamuua," Mama Ngone alinong'ona nyuma yake.

"Mama, kuna nini humu ndani?"

"Sema polepole. Jini wa ukoo wa mume wangu, wa kike. Vyungu ni vyake. Anayeviosha amejitoa kumtumikia, na hapo hatoki tena mpaka mwingine aje kuviosha. Wewe kakushikia mtoto."

"Mimi sikujua!"

"Hata mimi sikujua. Nilikuwa biarusi mgeni, nataka kumfurahisha mkwe. Mama yangu amezikwa mtaa wa pili tu, sikufika."

"Basi tumwite mganga!"

"Wamekuja mpaka wamechoka. Wanamchinjia mbuzi, anakula, anabaki."

Dalanda ndipo alipoona kuwa mama huyo amejifunga kilemba kipya, na mkoba uko begani.

"Unakwenda wapi? Mama, usiniache naye!"

"Mwekee maziwa vyunguni asubuhi na jioni. Usimpe ya unga, hayapendi." Alimgusa Bailo shavuni, akakwepa macho ya Dalanda. "Kodi usilipe tena, mwanangu."

Akatoka mbiombio kama msichana, wala hakugeuka nyuma.

Dalanda aliketi chini akamkumbatia mwanawe kwa mikono miwili, akajiambia kwamba atamshika hivyo usiku na mchana, kwamba hatasinzia, kwamba hakuna wa kumpokonya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Bailo alijinyoosha juu ya bega lake. Hakuwa amewahi kutamka neno.

"Mama," aliita.

Nyuma ya Dalanda, mtu akaitika.